Lugalo: Fimbo Saba na Kiuno Kibovu

Haya msomaji wangu, wiki hii tuachane na kumbi za dansi, twende zetu Lugalo, Barabara ya Bagamoyo. Usitishike na sare za getini, jieleze vizuri. Ndani kuna uwanja wa gofu wa Jeshi, mashimo 18, majani mabichi mpaka unasahau foleni ya Mwenge.

Sheria inaruhusu fimbo 14 kwenye begi. Mimi ninazo saba, zote mtumba, na mbili wala si za ukoo mmoja. Washikaji wananicheka, lakini kuna mzee mmoja mwenye seti inayong'aa, namfunga karibu kila Jumapili. Fimbo mpya ni sifa tu, bwana! Pesa yako weka kwenye viatu, maana mashimo 18 ni mwendo wa zaidi ya kilometa sita na jua la Dar halina mjomba. Mipira nayo inakomba hela: kichaka kinameza, wewe unabaki unatumbua macho.

Wanaodai gofu haiumizi waje niwaonyeshe kiuno changu. Ndicho kinachotuadhibu wengi wetu wa ridhaa, tunapiga kwa hasira bila kupasha misuli. Ukichapa ardhi badala ya mpira, kiwiko nacho kinadai chake. Halafu mpira wenyewe: gramu 45 hivi, mgumu kama jiwe. Mwezi uliopita mmoja ulinipata begani, wiki nzima ugali nikala kwa mkono wa kushoto. Ukisikia mtu anapiga ukelele nyuma yako, kaka, usigeuke kuangalia. Inama, funika kichwa, maswali baadaye.