Nilichomfundisha Kijana

Kijana alipoletwa chumbani kwetu alinipa shikamoo, kisha akaketi mbele ya skrini kama mtu aketiye mbele ya mtihani. Tulikuwa na seva 40, nami kwa miaka mingi nilikuwa nimezihudumia moja moja, kwa mkono, kama mfugaji awajuaye ng'ombe wake kwa majina. Yeye chuoni alikuwa amesikia habari za zana za kusimamia mipangilio ya seva, na wingi wake ulimtisha.

“Nianze na ipi, Mzee?”

Nilimwambia kwamba ukoo huo ni wa zamani. CFEngine ilitungwa na Mark Burgess katika Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 1993. Puppet ikaja mwaka 2005, na Ansible mwaka 2012. Puppet huweka wakala ndani ya kila mashine, naye kwa kawaida kila baada ya dakika 30 huuliza makao makuu kama kuna agizo. Ansible haina wakala. Huingia kwa SSH, mlango ule ule tunaoingilia sisi. Aanze na Ansible, kwa sababu ndiyo iliyochaguliwa na ofisi. Sababu nyingine zote hazikuwa na uzito kama hiyo.

Siku mbili za kwanza zilipotelea kwenye nafasi. Faili za YAML hupanga mambo kwa nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari, wala hazikubali kitufe cha Tab kitumike hapo. Hilo mtu hujifunza kwa kuumia tu.

Lililomsumbua zaidi ni kwamba aliandika hatua: fanya hili, kisha lile. Nikamkumbusha mama anayekwenda shamba. Hasemi, “Mchote ndoo tatu.” Husema, “Nikirudi nikute mtungi umejaa.” Ukiwa umejaa tayari, hakuna aendaye kisimani. Zana hizi nazo hutaka kuambiwa hali itakiwayo, na ukiziendesha mara moja au mara kumi, matokeo ni yale yale. Uso wake ulikunjuka. Nami, nakiri, nikajiona mwalimu hodari.

Wiki ya tatu alitakiwa kusawazisha seva za hifadhidata. Akatumia kwanza amri ya majaribio, ile ionyeshayo kitakachobadilika bila kubadilisha kitu, akaniita nitazame. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikatupa jicho, nikasema, “Endelea tu.”

Baada ya nusu saa madirisha ya malipo yakasimama, foleni ikafika nje. Hifadhidata ya PostgreSQL ilikuwa ikikataa wageni. Mkubwa wetu akamwita kijana ofisini na kufunga mlango.

Mimi nilijua. Miezi kadhaa nyuma, usiku, nilikuwa nimeingia katika seva ile na kupandisha kikomo cha miunganisho kutoka 100, kiasi cha kawaida cha programu hiyo, hadi 300. Sikuandika popote. Zana ilikuta 300, ikasoma 100 katika faili yetu, ikarekebisha na kuiwasha upya hifadhidata, kama ilivyoagizwa. Nilirudisha ile 300 upesi, huduma zikarejea, nami nikanyamaza.

Nilinyamaza mpaka saa tisa alasiri. Kijana alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake mezani, bila kuniuliza neno, na sidhani kama hakuwa ameelewa. Ndipo nilipokwenda kugonga mlango wa mkubwa.

Niliporudi nilimwambia yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu, “Mzee, kuna mengine uliyoyagusa kwa mkono?”

Tukaendesha amri ya majaribio juu ya seva zote 40. Zikatokea faili 11 zisizolingana na maandishi yetu. Tisa nilizitambua kuwa zangu, na kati ya hizo, mbili sikuweza kabisa kukumbuka kwa nini nilizibadilisha. Kijana akafungua daftari, akaanza na ya kwanza.