Majeshi ya Mezani

Mtu aliyelelewa barazani penye bao huamini kwamba hakuna mchezo wa mezani utakaomshinda. Nami niliamini hivyo mpaka jioni moja ya majira ya baridi, mwaka 1993, nilipokuwa mwanafunzi mjini Leeds, Uingereza.

Tulikuwa tukiishi watu watatu katika nyumba moja ya kupanga: Mwingereza mmoja, mimi, na Mtanzania mwenzangu aliyenizidi umri, ambaye kwa heshima nilimwita Kaka. Kaka alikuwa askari katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule, na vita vile nilivijua kwa redio na nyimbo tu. Kila nilipomdadisi, jibu lake lilikuwa moja: “Mvua ilikuwa nyingi.” Kisha hubadili mazungumzo.

Jioni hiyo Mwingereza alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza ya jikoni, akafungua kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na askari wadogo wa risasi, urefu wao usiozidi ncha ya kidole: wapiga mishale wa Uingereza, na Wafaransa wapanda farasi waliovaa deraya. Alikuwa amewapaka rangi mwenyewe, hata mistari ya ngao ikaonekana.

Sheria za mchezo, alizozitoa katika kijitabu chembamba kilichochapwa mwaka 1990, zilikuwa nyepesi. Kila upande una vikosi 12. Kabla ya kusogea, unarusha dadu. Ukipata nne, una amri nne za kutoa, ukipata moja, una amri moja tu, na wengine watakaa walipo hata kama nyumba inaungua. Mwendo hupimwa kwa rula. Vikosi viwili vikikutana, kila mmoja hurusha dadu na kuongeza nguvu za kikosi chake: aliyezidiwa hurudi nyuma, aliyezidiwa maradufu huondolewa. Atakayepoteza vikosi vinne, hasara yake ikiwa kubwa kuliko ya mwenzake, ameshindwa.

Mimi nilichukua Wafaransa. Kaka, baada ya kubembelezwa sana, alichukua Waingereza. Mwenyeji wetu alituambia kwamba tunarudia vita vya Agincourt, vilivyopiganwa tarehe 25 Oktoba 1415, siku ambayo jeshi dogo la Mfalme Henry wa Tano lilishinda jeshi kubwa la Ufaransa katika shamba lililolimwa na kulowa mvua.

Niliposikia “jeshi kubwa” nikavimba kichwa. Nikapeleka wapanda farasi wangu moja kwa moja mbele, bila kungoja askari wa miguu. Dadu ikanipa amri moja. Nusu ya jeshi likabaki nyuma likitazama. Nusu nyingine likaingia katika mishale. Kikosi cha kwanza kilipoondolewa nilicheka, nikakitupa koponi. Kaka naye alipopoteza kikosi, hakukitupa. Alikisimamisha wima ukingoni mwa meza. Kisha akanyoosha mkono, akawatoa koponi askari wangu, akawapanga kando ya wake. Nilidhani anahesabu pointi.

Nilipopoteza kikosi cha nne, mchezo ulikuwa haujatimiza saa moja. Nikasema kwa ghadhabu ya mzaha, “Kaka, mara nyingine nitakuulia wote, asibaki hata mmoja!”

Kaka hakucheka. Alimgeukia mwenyeji wetu, akauliza, “Na mateka? Kijitabu kinasemaje kuhusu mateka?”

Mwingereza akasita. Akasema kijitabu hakisemi kitu. Lakini historia, akaongeza, inasema: siku ile Mfalme Henry, akihofia kushambuliwa tena, aliamuru mateka wauawe, na wengi waliuawa.

Kimya kikatanda. Kisha Kaka akasema kwa Kiswahili, akinitazama mimi, “Asubuhi moja tulimkamata kijana. Umri wako wa sasa, pengine chini ya hapo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemzika rafiki yangu. Akaniomba maji. Mkono mmoja nilikuwa na bunduki, mkono mwingine kikombe. Nilimpa kikombe. Alikunywa, akapelekwa nyuma, sikumwona tena. Lakini mdogo wangu, nisikudanganye: mkono ule mwingine naukumbuka mpaka leo.”

Sikuwa na neno. Miaka yote nilikuwa nikimtaka anisimulie ushujaa, naye alikuwa amebeba kikombe cha maji.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba michezo hii ni mibaya. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha mchezo wa namna hii mwaka 1913, akisisitiza humo kwamba vita vya sanamu ni bora mno kuliko vita vyenyewe. Alisema kweli, ila hakusikilizwa: mwaka uliofuata Vita Kuu vya Kwanza vilianza, na vikafika hata kwetu, vikala wapagazi wasio na hesabu. Mchezo hufundisha subira, hesabu na kukubali kushindwa. Unanifundisha pia kwamba jemadari hutoa amri chache kuliko anavyodhani.

Siku hizi nami nina sanamu zangu, na wanangu hucheza nami Jumapili mchana. Wanabishana, wanalaumu dadu, kama nilivyofanya mimi. Nyumbani kwetu tuna sheria moja isiyomo kijitabuni: anayeondolewa hatupwi koponi. Husimamishwa ukingoni mwa meza, wetu na wao pamoja, na kabla ya kukunja kitambaa tunawahesabu wote. Mdogo wao aliwahi kuniuliza kwa nini. Nikamwambia habari ya kikombe cha maji.