Pensheni ya mbeba boksi

Najua nimepotea wiki tatu, msinirushie mawe. Mazoezi ya kufundisha yamenikaba mchana, na usiku nabeba boksi kama kawaida. Boksi lenyewe hapa Perth ni kituo cha kulea wazee. Naosha, natandika, nalisha wastaafu wa watu.

Juzi dada mmoja wa hosteli yetu, mtu wa Tanga, alikuwa anafunga mizigo. Kozi imekwisha, viza nayo inaisha. Kwenye makaratasi ya kutupa nikaokota barua. Nikamuuliza, "Dada, supa yako umeshaidai?" Akacheka. "Si kodi yao hiyo? Waache wale." Barua ilisema dola 4,100.

Jamani, si kodi! Supa ni akiba ya uzeeni, na Australia mwajiri humwekea hata mwanafunzi wa viza, juu ya mshahara. Tangu Julai 2025 ni asilimia 12. Tangu Julai 2022 wanakuwekea hata kama kwa mwezi unapata hela ya nauli tu.

Mwenyeji anaisubiri mpaka uzee. Sisi wa viza ya muda, ukishaondoka na viza ikaisha, unaidai yote. Ila makato sasa! Ilikatwa asilimia 15 ilipoingia kwenye mfuko, na ikitoka kuja kwako inakatwa 35. Nilipiga hesabu nyuma ya andalio la somo: katika kila dola 100 za mwajiri unaondoka na dola 55 na senti 25, ada za mfuko bado. Inauma, lakini wale wa viza ya likizo na kazi wanakatwa 65. Dada yetu atabaki na dola 2,665 hivi. Kusikia hivyo akakaa kitako juu ya sanduku. "Hizo si bati za nyumba ya mama?"

Fomu iko kwenye intaneti, bure. Unaianza ukiwa bado huku, unaituma ukishatoka. Miezi 6 ikipita hujadai, mfuko unaipeleka mamlaka ya kodi, na bado unaweza kuidai huko. Ila namba ya akaunti umeshatupa, laini ya simu imekufa, utaanzia wapi? Tuliijaza usiku ule ule, namba zote akaandika kwenye daftari.

Nikampigia mama kumsimulia. Mama ni mwalimu mstaafu, na mafao yake aliyafuatilia ofisini mpaka soli ya kiatu ikaisha. Akasema, "Mwanangu, hela ya jasho haiachwi." Halafu akanyamaza kidogo. "Na wewe ya kwako utaidai lini?"

Wadau, hilo swali halikuwa la hela. Anayerudi nyumbani anadai. Anayepata ukaazi wa kudumu hadai, anasubiri uzeeni kama wenyeji. Mama alikuwa ananiuliza kama nitarudi. Nikamjibu, "Nikimaliza, mama," jibu ambalo si jibu, na mwalimu yule anajua mwanafunzi anapokwepa swali.

Haya, zamu yangu inaanza saa 4 usiku. Kuna bibi mmoja hali mpaka nimshike mkono. Wewe unayefunga mizigo, soma barua kabla hujatupa.

Alamsiki.