Daftari la Matunzo

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametuonya mara nyingi tusianze kila insha kwa methali, maana ati jarida la chama kila mwaka hujaa fahali wawili na nyasi. Naomba radhi, mwalimu. Fahali hao nimeishi nao, na nyasi zenyewe ni mimi na mdogo wangu.

Baba alitoka nyumbani mwaka wa 2019, nikiwa darasa la tano. Usidhani, mpenzi msomaji, kwamba palikuwa na vita vya kurushiana sufuria. Hapakuwa na lolote. Baba ni dereva wa lori, hubeba makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba, na sisi tunakaa hapa Voi, kando ya barabara hiyo hiyo. Zamani alikuwa akilala nyumbani kila apitapo. Kisha akawa analala mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, hata ikawa ni honi tu. Mwishowe honi nayo ikanyamaza. Tulikuja kusikia kuwa ana mji mwingine huko Mombasa.

Pesa nazo zilimfuata mwenyewe. Kwanza alikuwa akituma shilingi 3,000 kwa M-Pesa, zikawa 1,500, zikawa kredo ya shilingi 50, zikawa salamu. Mama anauza nyanya na vitunguu sokoni. Siku soko likichacha tulikula vizuri, siku likilala tulilala nalo.

Mambo yaliharibika kabisa nilipoingia kidato cha kwanza mwaka wa 2023. Watu wengi husema masomo ya shule ya kutwa ni ya bure. Ni kweli serikali hutoa pesa za masomo, lakini sare hainunui, na chakula cha mchana kinamngoja mzazi. Muhula wa kwanza nilirudishwa nyumbani mara tatu. Mara ya tatu sikufika nyumbani. Niliketi kando ya barabara kuu chini ya mkwaju, jua likiniwakia utosini, nikawa nahesabu malori. Nilihesabu zaidi ya sitini. Nilikuwa nimeapa kwamba nikiliona lake nitasimama katikati ya lami. Bahati yake na yangu, halikupita.

Aliyemfungua mama macho ni shangazi, dadake baba mwenyewe. Alikuja jioni moja akamwambia, "Wifi, huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja, lakini hawa ni damu yetu. Nenda kwa afisa wa watoto." Mama akacheka kicheko cha uchungu. Ataenda na nini naye hana cheti cha ndoa? Mahari yake ilikuwa mbuzi na pombe ya wazee, basi. Alikuwa na hakika kwamba serikali itamuuliza cheti kwanza ndipo imuulize jina.

Nilimsindikiza siku hiyo, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Afisa, mama wa makamo mwenye miwani, hakuuliza cheti cha ndoa. Aliuliza vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kisha akatusomea Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mama alimwomba arudie. Akarudia.

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa Historia habari hizo, alinieleza mambo ambayo sikuyakuta kitabuni. Alisema palikuwa na sheria ya mwaka wa 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumpeleka baba wa mtoto kortini ili alipe, nayo ikafutwa mwaka wa 1969. Bi. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo. Sheria ya Watoto ya 2001 nayo iliwaachia mama wasioolewa mzigo kwanza, baba akaja baadaye kama alikubali mtoto au aliwahi kumlea. Ni Katiba, na baada yake Sheria ya Watoto ya 2022, ndizo zilizowafunga wazazi wote wawili nira moja. Nilimwambia mwalimu haya yangefaa yawe katika mtihani. Alicheka tu.

Baba aliandikiwa barua na afisa, akaja. Alivaa shati jeupe. Walikubaliana shilingi 5,000 kila mwezi kwa watoto wawili, wakatia sahihi. Tukiwa njiani kurudi mama alininunulia daftari la kurasa 96, akasema, "Andika humu kila kinachoingia. Tarehe na pesa. Usiongeze, usipunguze." Baba alilipa miezi miwili. Mwezi wa tatu simu yake ikawa mteja hapatikani. Afisa akasema sasa faili iende mahakamani.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Kesi ikiwa bado inatajwa, mwaka wa 2024, kijana mmoja wa bodaboda aliniita stejini akaniambia, "Mzee wako amekutumia kitu kwa simu yangu." Zilikuwa shilingi 2,000. Baba alinipigia kwa simu hiyo hiyo, sauti yake ikanilainisha moyo kama mafuta. Akaniuliza habari za masomo, akaniuliza kama bado nacheza namba tisa. Kisha akasema, "Hizi ni zako na mimi, mama asijue." Mwezi uliofuata zikaja 2,000 nyingine. Nilinunua njumu, nikala chipsi na wenzangu, nikamwambia mama njumu ni za kuazima. Daftarini sikuandika kitu. Nilijiambia hizo si za matunzo, ni zawadi. Tena, nisiseme uongo, nilifurahi kuitwa mtoto wake.

Siku ya kusikizwa, baba alisimama mbele ya hakimu akasema amekuwa akituma pesa kupitia kwangu, akaonyesha ujumbe wa M-Pesa. Mama alikuwa amekwisha kuapa kwamba tangu mwezi wa tatu hakuna hata senti. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, maana kesi hizo hazisikizwi mbele ya umati. Mama alitoka wakati wa mapumziko, daftari kwapani. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Ni kweli?"

Ulimi ulinigandamana na kaakaa. Nilipoitikia, mama alikaa chini kando yangu akanyamaza kwa muda mrefu, akiyatazama njumu ambayo nilikuwa nimeyavaa siku hiyo, mjinga mimi, kwa sababu viatu vya shule vilikuwa vimetoboka. Kisha akanipa kalamu. Niliandika kwa mkono unaotetemeka: 2,000 na 2,000, kupitia kwangu, pamoja na tarehe. Mama akarudi ndani na kumwambia hakimu mwenyewe kwamba mumewe amesema kweli kuhusu hizo 4,000, na kwamba yeye hakujua.

Hakimu aliamuru baba alipe shilingi 6,000 kila mwezi na nusu ya mahitaji yetu ya shule. Malimbikizo ya nyuma yakahesabiwa, zile 4,000 zikatolewa. Nilifikiri mama atanichapa usiku ule. Alipakua ugali na mchicha, akasema tu niwe naweka daftari mezani, si katika begi langu.

Usifikiri amri ya korti ni pesa. Ni karatasi yenye mhuri. Baba alilipa miezi mitatu akanyamaza tena, na mama akalazimika kufunga kibanda mara nne kwenda kufuatilia. Mwishowe baba aliitwa aeleze kwa nini asifungwe. Naam, korti inaweza kumfunga asiyelipa, inaweza kukamata mali yake, na inaweza kuamuru mwajiri wake akate mshahara. Majirani walimwambia mama, "Mfunge aone!" Hata mjomba alisema hivyo. Mama alijibu kwamba dereva aliye ndani haendeshi lori, na lori lisiloendeshwa halilipi mtu. Akaomba mshahara ukatwe, na ikawa.

Shangazi alisema hapo mama amemwaibisha kakake kazini. Huyo huyo shangazi! Hakuja kwetu miezi miwili, kisha akaja na kuku. Mambo ya wakubwa mimi siyaelewi vizuri.

Siku hizi pesa huingia kati ya tarehe 5 na 8 ya kila mwezi, nami naandika. Mwaka huu sijarudishwa nyumbani. Mdogo wangu ana viatu. Njumu zangu zimenibana, nimemwachia yeye, ingawa anaelea ndani yake. Kuna vijana wenzangu katika shule hii wanaokaa chini ya mikwaju yao wakihesabu malori, nawajua, na wao wananijua. Wakitaka njia ya kwenda kwa afisa, nitawaonyesha.

Baba naye hajapiga simu tangu siku ile ya korti. Jumamosi iliyopita nilikuwa nikichota maji karibu na barabara, lori lake likapita likielekea Malaba. Nilisoma namba, ni lenyewe. Sikusimama katikati ya lami. Liliponipita nilisikia honi mara moja, fupi, lakini nyuma yake palikuwa na malori mengine mawili, na sijui ni lipi lililopiga.