Kidingapopo: Neno na Maana Yake

Miongoni mwa majina ya maradhi ninayoyafundisha hapa Kigali, hakuna lizushalo maswali kama kidingapopo. Ni jina la homa iletwayo na mbu, ijulikanayo ng'ambo kwa jina la dengue. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kinyarwanda, hulikatakata neno ili wapate maana. Wafikapo kwenye popo husimama. Tangu Septemba 2024, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Rwanda na kuhusishwa na popo walao matunda, swali limekuwa zito: je, kidingapopo nacho huletwa na popo?

La, hasha. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika mwaka 1881 juu ya homa hiyo, iliyopita kisiwani katika miaka ya 1823 na 1870. Alilihusisha jina dengue na maneno ya Kiswahili dinga na pepo, yaani kukakamaa kwa ghafla kuletwako na pepo. Wako wasioafiki asili hiyo. Nionavyo mimi, popo wa leo ni yule pepo wa jana, aliyegeuka vinywani mwa wasemaji.

Kwa matumizi, neno hili li katika ngeli ya KI-VI: kidingapopo kimemshika, kidingapopo kimeenea. Lisichanganywe na homa, ambayo ni dalili ya maradhi mengi, na ambayo Kinyarwanda huiita umuriro, yaani moto. Wala lisichanganywe na malaria. Mbu wa malaria, anofelesi, huuma usiku. Mbu wa kidingapopo, aedesi, huuma zaidi mchana, hata chandarua cha kulalia hakitoshi kumzuia. Tena mgonjwa wa kidingapopo hukatazwa aspirini, kwani yaweza kuzidisha kuvuja damu. Mtu aitaye kila homa malaria aweza kujidhuru kwa jina tu.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na wanafunzi hawa yawapasa kuweza kusoma tangazo la afya katika lugha hii na kulifuata. Basi, walimu wenzangu, tusitaje jina la ugonjwa na kupita. Tuwaeleze pia aumaye ni nani, na huuma wakati gani.