Milimita 1.8 Kupanda Usambara

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ina kilomita zipatazo 33, na karibu zote ni za kupanda. Mombo iko chini kwenye joto, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi hutoki bila sweta. Abiria wa basi huhangaika na kona tu. Mwenye pikipiki kuukuu ya injini ya mipigo miwili hupewa mtihani, kwa sababu mlima ule haumfichii mtu ugonjwa wa chombo chake.

Pikipiki yangu ni Yamaha DT175 ya miaka ya 1970, ya pointi, kabla ukoo wa DT haujahamia kwenye CDI, moto wa kielektroniki usio na pointi. Ukoo wenyewe ulianza mwaka 1968 na DT-1 ya cc 250, pikipiki iliyoundwa iende porini kisha irudi barabarani ikiwa na taa zake zote. Kwetu sisi tuliokulia vijijini, sauti ya DT ilimaanisha bwana shamba anakuja, au mganga wa zahanati. Hii niliinunua Korogwe kwa familia ya mstaafu mmoja, na nilitaka safari yake ya kwanza nikiwa mimi mpandaji iwe ya Mtae, ukingoni kabisa mwa Usambara, pale milima inapokatika ghafla na kukuachia tambarare ya Mkomazi chini ya miguu.

Kabla ya kuondoka niliipeleka kwa fundi mjini. Akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akakwangua pointi na kuzirudisha, akaniambia imepona. Kutoka Korogwe hadi Mombo ningeweza kumwamini. Mashamba ya mkonge yalipita kushoto na kulia, moshi ulikuwa mwepesi, injini ikilia ule mlio mkali ambao bodaboda za leo hazina. Injini ya mipigo miwili huchoma mafuta kila kranki inapozunguka mara moja. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, plagi inatakiwa itoe cheche 100 kila sekunde, na kila moja iwahi wakati wake. Barabara ya tambarare inasamehe cheche iliyokosea. Mlima hausamehe.

Kona za kwanza juu ya Mombo nilizipanda kwa gia ya tatu, kisha ya pili. Halafu nikasikia ndani ya silinda mgongano mdogo, mkavu, wa haraka, kila nilipoongeza mafuta. Nguvu ikapungua. Moto ukaanza kukatakata, na kwenye kona kali injini ikazima kabisa. Nikakaa kivulini nikiangalia mabasi yakishuka. Ilipopoa, kiki moja tu ikawaka kama si yenyewe. Nikapanda kipande kingine, ikazima tena. Vijana waliokuwa wakiuza matunda njiani walinisaidia kusukuma, nao walikuwa na hukumu moja tu: kabureta. Ndivyo tulivyozoea. Pikipiki ikizima, kabureta ndiyo mshtakiwa wa kwanza.

Soni nilifika mchana. Nikaulizia fundi anayezijua DT za pointi, nikaelekezwa kwa mzee mmoja nyuma ya soko, mwenye sanduku la mbao lililojaa spana zilizopauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imezimika kwenye kona gani?"

Hakuigusa. Alitaka kusikia kwanza. Inazima ghafla au inakatakata kabla ya kuzima? Ikizima inawaka papo hapo, au mpaka ipoe? Na kiki, imewahi kukurudishia mguu? Nikamwambia ndiyo, asubuhi ilinirudishia kwa nguvu. Akatikisa kichwa. Cheche inayowahi mno huikuta pistoni bado inapanda, ikaisukuma kurudi chini, na kisigino chako kinapata taarifa kabla ya mtu yeyote. Akaongeza jambo ambalo kijana wa bodaboda za mipigo minne angeliona hekaya: injini ya mipigo miwili yenye taimingi iliyoharibika inaweza kuwaka ikizunguka kinyumenyume, ukaweka gia ya kwanza ukarudi nyuma. Ni kweli kabisa. Haina vali za juu zinazofuata zamu. Matundu ya silinda hufunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe, nayo haijali kranki inaelekea wapi.

Akafungua mfuniko wa kushoto. Akaichomoa plagi, akairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya silinda mbali na tundu, akanivutia kwenye giza la kibanda. "Piga kiki polepole." Kupitia dirisha la gurudumu la magineto nikaona pointi zikitoa cheche nyeupe zenye ubuluu, nene, kama mtu anachomelea chuma. Kwenye plagi, mahali cheche inapotakiwa kuwa kali, palikuwa na uzi mwembamba wa rangi ya machungwa.

"Moto umekosea nyumba," akasema.

Pointi zinapoachana, umeme uliokuwa ukipita kwenye koili hukatwa ghafla, na ukataji huo wa ghafla ndio unaozaa volti kubwa za plagi. Kazi ya kondensa ni kuupokea umeme unaotaka kuruka kwenye pengo la pointi, ili ukataji uwe safi. Kondensa ikichoka, umeme unaungulia kwenye pointi, na plagi inabaki na makombo. Kondensa za namna hii huwa na tabia ya kufanya kazi zikiwa baridi na kukataa zikipata moto, na kwenye DT ya pointi imefungwa ndani ya magineto, ubavuni mwa injini.

Lakini ule mgongano wa silinda haukuwa wa kondensa. Mzee akapitisha kipimo cha unene kwenye pengo la pointi: milimita 0.5 ikapita bila kugusa. Inatakiwa kati ya 0.3 na 0.4. Kwenye magineto hii, kupanua pengo ni kuwahisha taimingi, kwa sababu pointi zilizo mbali huanza kuachana mapema. Pengo likipungua, taimingi huchelewa, na pikipiki inakuwa nzito na ya moto. Yangu ilikuwa inawahi. Kuwahi kulileta mgongano, mgongano ukaleta joto, joto likaimaliza kondensa iliyokuwa tayari dhaifu. Plagi mpya na kabureta safi zisingesaidia kitu.

Akalivua gurudumu la magineto kwa kifaa cha kulivuta, akakagua ile kii ya nusu mwezi inayolishika kwenye kranki. Kii ikikatika kidogo tu, gurudumu linahama na taimingi yote inahama nalo. Ilikuwa nzima. Nyuma ya magineto akagusa sili ya kranki kwa kidole: kavu. Ingekuwa inavuja, injini ingevuta hewa ya ziada, ikachemka na kugonga vilevile, na ungeweza kuchezea taimingi mpaka jua lizame bila kupona.

Kondensa ya Yamaha hakuwa nayo. Alikuwa na ya gari la zamani. Uwezo wake unakaribiana, kama maikrofaradi 0.25. Hakuirudisha ndani kwenye joto. Aliifunga chini ya tangi, karibu na koili, ganda lake likigusa chuma cha fremu kisawasawa, na waya akaulehemu kwa pasi aliyoichomeka kwenye jiko la mkaa. Sijaona marekebisho ya busara zaidi ya hayo kwenye pikipiki ya aina hii.

Kisha likaja la taimingi. Akalirudisha gurudumu, akaiskurubu saa ya kupimia kwenye tundu la plagi, ncha yake ikigusa kichwa cha pistoni. Akalizungusha gurudumu mpaka mshale ukasimama kabla ya kugeuka, pistoni ikiwa juu kabisa, akaweka sifuri hapo. Akarudisha nyuma kupita kiasi, halafu akaja mbele taratibu mpaka milimita 1.8 kabla ya kilele, sawa na kama digrii 20 za kranki. Balbu ya kupimia hakuiamini, kwa kuwa umeme wake hupita pia kwenye koili hata pointi zikiwa wazi. Alichana karatasi ya kusokotea sigara, akaibana kati ya pointi, akanipa niivute kwa vidole viwili.

"Ikiachia, sema."

Iliachia mapema. Akalegeza skrubu, akasogeza pointi kwa ncha ya bisibisi, akazungusha tena. Ikachelewa. Akasogeza kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Safari hii mshale ulipofika 1.8, karatasi ilichomoka vidoleni mwangu bila kuchanika. Pengo likasoma 0.35.

Kutoka Soni kwenda Lushoto sikusimama. Kona ambazo ningezipanda kwa gia ya kwanza nilizipanda kwa ya tatu, na kiki haijanirudishia mguu tangu siku hiyo. Msitu wa Magamba ulikuwa na baridi na ukungu, barabara ya udongo ikiteleza, injini ikivuta sawasawa. Nikaingia Mtae jua likiwa bado juu, nikaichomoa plagi pale pale. Kauri yake ilikuwa ya kahawia kavu, rangi ya injini inayochoma vizuri.

DT nyingi za pointi bado zimelala kwenye stoo za halmashauri, za misheni na za wastaafu, zikisubiri mnunuzi wa chuma chakavu kwa sababu "zinazima zikipata moto." Kama unayo moja, usiiuze kwa kilo. Mtafute mzee anayejua pointi angali hai, na mpeleke kijana wa bodaboda akamtazame akifanya kazi. Anzeni na kondensa, kisha pengo, kisha 1.8. Kabureta iacheni mpaka hayo matatu yaishe.