Barua kutoka Lexington: Kadi ya Bangi na Chupa ya Mofini

Lexington, Kentucky
Februari 2025

Mjomba,

Nakuandikia theluji ikiwa imelala nje siku ya nne. Ukitaka kuijua baridi ya huku, kumbuka ile alfajiri uliyonipeleka ziwani nikaloa, upepo ukatupiga kutoka upande wa Kongo hadi meno yakagongana. Sasa ifanye alfajiri hiyo iwe ya miezi mitatu. Mwambie mkaza mjomba kwamba zile dagaa alizompa yule kijana aliyekuwa anasafiri zimefika salama, na majirani zangu Wakongo wamenisaidia kuzimaliza kwa siku mbili.

Mwezi uliopita ulinipigia simu ukaniuliza swali moja, salio likaisha kabla sijajibu. Ulisema: "Mpwa wangu, ni kweli huko bangi imekuwa dawa? Na kama ni kweli, wale vijana sisi tuliwafungia nini?" Wasomaji wa safu hii wataniwia radhi, leo ninamjibu mtu mmoja, na wao wasikilize.

Najua swali lako linakotoka. Umevaa magwanda ya Magereza mpaka ukastaafu. Mimi nilipokuwa mdogo, nikija kwako likizo, nilikuwa nikiliona karandinga likishusha mahabusu kwenye Gereza la Bangwe, hapo mjini kwenu, na jioni ukitusimulia: huyu misokoto mitatu, yule nusu gunia. Watoto wa mtaa wa Mwanga walikuwa wakitutania kwamba bangi na Bangwe ni ndugu, ukiishika ya kwanza unalala ya pili. Kwako neno hilo lina harufu ya selo. Ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa ujumbe mfupi wa simu.

Ni kweli. Tarehe 31 Machi 2023 Gavana Andy Beshear alitia saini sheria ya bangi ya tiba katika jimbo hili la Kentucky, nayo imeanza kutumika tarehe 1 Januari mwaka huu. Usidhani nimehamia kwa wahuni. Hili ni jimbo la makanisa na farasi wa mbio, na ziko wilaya ambazo mpaka leo haziuzi pombe. Jambo la kushangaza ni kwamba katika karne ya 19 mashamba ya hapahapa yalistawi kwa mmea wa ukoo huohuo wa bangi, ule wa kutoa nyuzi za kamba na magunia, na waliouvuna walikuwa watumwa, watu wa asili yetu. Mmea si mgeni hapa. Kigeni ni kumpa mgonjwa ruhusa.

Ruhusa yenyewe ina kamba fupi. Mgonjwa awe mkazi wa jimbo. Aonane ana kwa ana na daktari, au muuguzi wa ngazi ya juu, aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, apewe hati, kisha aombe kadi kwa dola 25, na kadi hiyo inaisha baada ya mwaka. Kuivuta kwa kuiwasha moto ni marufuku hata kwa mwenye kadi. Kupanda mche mmoja nyuma ya nyumba ni marufuku. Inayoruhusiwa ni ya matone, vidonge, vitu vya kula, mafuta ya kupaka na ya mvuke. Nyumbani usizidishe ya siku 30, mfukoni usizidishe ya siku 10. Asiye na kadi akikutwa nayo bado ana kesi ya kujibu.

Magonjwa yaliyotajwa ni ya mafungu sita: saratani, maumivu makali yasiyokwisha, kifafa, ugonjwa wa neva unaokaza misuli, kichefuchefu na kutapika kusikokoma, na ule msongo unaobaki kichwani mwa mtu aliyepitia vita au ukatili. Niliposoma hilo la mwisho niliwafikiria majirani zangu. Mji huu una Wakongo wengi wa Kivu na Kalemie, na wengi wao wamepita kwetu, kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Ukiingia kanisani kwao Jumapili ni Kiswahili kuanzia sala mpaka matangazo. Wako wanaume watu wazima ambao wakisikia fataki za sikukuu wanajifungia chooni. Seli mundu, inayotesa watoto wetu kuliko wa wenyeji, haikutajwa kwa jina. Mwenye nayo itabidi apitie mlango wa maumivu sugu.

Kuna kichekesho pia. Duka la kuuzia bangi hiyo wanaliita dispensari. Wewe ukisikia dispensari unawaza sindano, benchi la kina mama na mizani ya watoto. Hii haina hata mganga. Leseni 48 za maduka hayo ziligawiwa kwa bahati nasibu mwishoni mwa mwaka jana, majina yakichomolewa kama ya mchezo wa kubahatisha, na mpaka Februari 2025 hakukuwa na hata duka moja lililofunguliwa. Wagonjwa walikuwa na kadi, na kadi haitulizi tumbo.

Sasa nikupe kisa, maana bila kisa utaniambia nimesoma gazeti.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi mama mmoja wa Uvira, kule kaskazini ziwa linakoishia. Miaka 17 alikaa Nyarugusu, na mpaka leo anajua bei ya mihogo Kasulu kuliko mimi. Mwaka jana alikutwa na saratani ya titi. Dripu za dawa za saratani zikafanya kila alichokula kirudi. Uji ulirudi, hata maji yalirudi. Alikonda akawa anafunga kitenge mara mbili. Januari daktari wake akamwambia kuhusu hiyo kadi mpya. Mama akanipigia: "Dada, twende pamoja, Kiingereza cha sheria mimi sikijui." Ndiyo kazi yetu huku, Mjomba. Ukijua lugha unakuwa mkalimani wa mtaa mzima, kuanzia bili ya umeme mpaka kitanda cha hospitali.

Kabla ya kujaza fomu nikamuuliza, "Mama, uraia unaomba lini?" Akasema Juni. Nikaiweka kalamu chini.

Hapa nakuomba ukumbuke somo la uraia ulilokuwa ukitufundisha kwa kelele. Sisi tuna mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano. Zanzibar ina sheria zake kwa yale yaliyo yake, lakini uraia ni jambo la Muungano. Marekani nayo iko hivyohivyo. Kentucky inaweza kuwaambia polisi wake wasimguse mwenye kadi, ila uraia na uhamiaji ni mambo ya serikali ya shirikisho, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi daraja la kwanza, benchi moja na heroini. Mwaka jana yalitolewa mapendekezo ya kuishusha daraja. Pendekezo si sheria.

Tulikwenda kwa wakili anayesaidia wakimbizi bila malipo. Akatutolea mwongozo wa idara ya uhamiaji wa Aprili 2019: mwombaji wa uraia aliyetumia bangi, au aliyefanya kazi katika biashara ya bangi, anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema hata kama jimbo lake limeiruhusu. Si lazima awe amekamatwa. Maswali ya uraia yanajibiwa kwa kiapo. Akisema ndiyo amejifunga, akisema hapana amedanganya serikali, na hilo ni baya zaidi. Wakili akamaliza hivi: raia akipata kadi amepata dawa, mgeni akipata kadi amepata ushahidi.

Mama hakusema kitu njia nzima. Tulipofika mlangoni ndipo akauliza: "Na huyu mwanangu je?" Mwanawe anaendesha treila, kazi wanayoikimbilia vijana wetu wengi huku kwa kuwa inalipa. Madereva wa malori makubwa wanapimwa kwa kanuni za shirikisho, na kanuni hizo hazitambui kadi ya jimbo lolote. Akionja tone la mama yake kwa sababu mgongo unauma, leseni imekwenda. Na nyumba wanamoishi inalipiwa sehemu na ruzuku ya shirikisho; sheria ya 1998 inawataka wenye nyumba hizo wamkatae mwombaji mpya anayetumia dawa zilizokatazwa na shirikisho, na inawaruhusu kumtoa mpangaji anayezitumia, na bangi imo, uwe na kadi usiwe nayo. Bima nayo hailazimiki kulipia hata senti. Hesabu hiyo tuliifanya sote watatu mezani kwake, na kila tulipotoa kitu kilichobaki kilikuwa kutapika.

Ng'ambo ya Mto Ohio, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, jimbo la Ohio linauza bangi kwa mtu mzima yeyote tangu Agosti mwaka jana. Kuna aliyemshauri mwanawe avuke akanunue. Sisi watu wa ziwani hatuhitaji kufundishwa habari za kuvuka: ukitoka Kibirizi kwenda Bujumbura au Kalemie, maji ni yaleyale na sheria imebadilika. Ila huku kuvusha bangi kutoka jimbo moja hadi jingine ni kosa la shirikisho hata kama majimbo yote mawili yameihalalisha. Kijana akakataa, na namshukuru.

Mwisho wa kisa utakuchekesha. Tulirudi kwa daktari tukamweleza. Akafikiri kidogo, akaandika cheti cha dawa inayoitwa dronabinoli. Ni kemikali ileile ya bangi inayolevya, ila imetengenezwa maabara na kuwekwa kwenye kidonge. Marekani iliikubali tangu 1985 kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika, na inauzwa duka la dawa la kawaida. Kwa kuwa ni dawa ya cheti inayotambuliwa na shirikisho, wakili akasema haina neno. Wiki ya pili mama alikula ugali na mchicha ukakaa. Alinipigia simu kunitajia tu alichokula, kama mtu anayetangaza harusi.

Usinielewe vibaya nikaonekana naisifu. Bangi haitibu saratani, na anayewaambia watu wa Ujiji kwamba inatibu anawaibia. Inapunguza kutapika kwa baadhi ya wagonjwa wa dripu, inalegeza misuli iliyokaza, inasaidia baadhi ya maumivu sugu. Dawa iliyochujwa kutoka mmea huo, isiyolevya, iliidhinishwa hapa 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Zaidi ya hapo kuna matumaini mengi na ushahidi kidogo, na kwa kijana inaweza kuvuruga akili kama ulivyojionea mwenyewe selo.

Majirani zetu wameshaanza kuipima. Rwanda iliruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje. Uganda katika sheria yake mpya imeacha mlango wa matumizi ya tiba kwa kibali cha maandishi cha waziri. Kwetu sheria ya 2015 ya dawa za kulevya iko palepale, na anayeilima anaweza kufungwa miaka 30. Kwa hiyo swali lako la vijana nalijibu hivi: uliwafunga kwa sheria iliyokuwepo, na katazo lenyewe lipo hadi leo, na hata Kentucky ingewashtaki, kwa kuwa hawakuwa na kadi wala hawakuwa wagonjwa. Kama ilistahili miaka mingi hivyo, hilo ni la Bunge, wewe ulikuwa mshika funguo.

Lakini Mjomba, nadhani hukuniuliza habari za vijana. Uliniuliza habari za dada yako.

Mama mkubwa alipokuwa chumba cha nyuma kwako na saratani ya kizazi, usiku akiuma kona ya mto tusimsikie, alikuja mzee mmoja akakunong'oneza utafute majani uyachemshe. Ukamfukuza. Ukasema nyumba ya askari haiingii bangi. Akafa na panadoli mkononi. Nahisi tangu uliposikia kwamba huku ni dawa, unajiuliza kama ulimnyima.

Hukumnyima. Majani yale yasingefika kwenye maumivu ya namna ile. Alichokosa ni mofini ya maji, ya kunywa kwa kijiko, ambayo haikuwa haramu siku ile wala leo. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inaichanganya kutokana na unga. Nchini Uganda hospisi, yaani vituo vya kuwatunza wagonjwa wasiopona, zimekuwa zikiwapa wagonjwa dawa hiyo majumbani tangu 1993, na tangu 2004 hata wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Si dawa ya bei kubwa. Inachohitaji ni mtu wa kuiagiza, kabati lenye kufuli, daftari, na ndugu wa mgonjwa wanaojua kwamba ipo. Sisi hatukujua. Tulibishana kuhusu jani lililokatazwa, na dawa iliyoruhusiwa ilikuwa mwisho mwingine wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kitandani kwake, na hakuna aliyetutajia jina lake.

Kwa hiyo wasomaji wangu wa Bangwe, Katonga, Gungu na Ujiji: wenye ndugu Marekani, waambieni kwamba asiye raia asichukue kadi ya bangi kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji, hata daktari akisisitiza. Na ninyi mlioko huko, mkiwa na mgonjwa wa saratani anayelia usiku, msihangaike na majani. Nendeni hospitali, itajeni dawa kwa jina: mofini ya maji. Wakisema haipo, ulizeni itaagizwa lini, na mrudi tena wiki inayofuata kuuliza.

Nawe Mjomba, lala. Nitapiga Jumapili, salio litakuwa la kutosha.

Mpwa wako.